Draiva imekompaili fresh, programu ya zamani inagoma: shida iko wapi?

Swali: "Shikamoo fundi. Kazini kwetu kuna mizani ya malori, ndani ya PC kuna kadi ya PCI inayosoma uzito. Draiva iliandikwa na jamaa mmoja mwaka 2008 kwenye Linux ya biti 32, jamaa alishaondoka, soskodi ya draiva tunayo ila ya programu yenyewe hatuna, tuna faili la kuendesha tu. PC imekufa, tumenunua nyingine ya mtumba, RAM 8GB, Linux ya biti 64. Draiva nimeirekebisha ikakompaili, kulikuwa na woning chache nikazipuuza, /dev/mizani0 inatokea vizuri. Programu ikawa inasema Inappropriate ioctl for device. Nikasoma mahali nikaelekeza .compat_ioctl kwenye fanksheni ileile ya .unlocked_ioctl. Sasa kureseti kunafanya kazi, kusoma uzito bado kosa ni lilelile, kupakia jedwali la kalibresheni inaniambia Cannot allocate memory wakati RAM ni 8GB, na mara mbili mashine imeganda kabisa. Nimekosea wapi? Au nirudishe Linux ya biti 32 yaishe?"

Marahaba mdogo wangu, pole sana, malori yakishapanga foleni nje na mizani imegoma najua simu zinavyolia.

Nianze na hilo la mwisho. Kama malori yapo getini sasa hivi na bosi amesimama nyuma yako, weka Linux ya biti 32 leo, kazi iendelee, hakuna atakayekucheka. Ila ujue hiyo njia inazibwa. Ubuntu waliacha kutoa diski ya i386 (ndiyo Intel ya biti 32) tangu 2017, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kerneli (kile kiini cha mfumo) wala instola ya i386, zimebaki pakeji za kuendeshea programu za zamani juu ya mashine ya biti 64 tu. Kwa hiyo utakuwa umekopa muda, deni liko palepale. Na kusema kweli kazi iliyobaki kwako sio kubwa, naona umeshafika nusu yake bila kujua.

Sasa sikia. Wewe unaangalia heda ya draiva (faili la maelezo yake), unaona strakti, yaani kifurushi cha data, ina fildi zake, chaneli, muda, uzito, unadhani programu na draiva wanaongea kwa hayo majina. Hawaongei hivyo. Majina yote hayo yalifia kwenye kompaila. Kinachopita kati ya programu na kerneli ni baiti tu, "kuanzia hapa chukua kadhaa", basi. Ile programu yako ilikompailiwa 2008 na namba zake zimeshagandia ndani, hajui kama dunia imehama. Draiva umeikompaili juzi, kompaila ikasoma heda ileile ikatoa namba tofauti. Heda moja, mikataba miwili, na kila mmoja anaapa ana nakala halisi.

Namba zinatofautiana hivi: kwenye Linux ya biti 32 int ni baiti 4, long baiti 4, pointa baiti 4. Kwenye biti 64 int inabaki 4 lakini long na pointa zinakuwa 8. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua, na ndilo lililokukamata wewe, ni kwamba hata namba ya biti 64 ambayo saizi yake haibadiliki, yaani __u64, baiti 8 kote kote, haikai sehemu moja. Kwenye i386 inaruhusiwa kukaa popote panapogawanyika kwa 4. Kwenye x86-64 lazima pagawanyike kwa 8, kama hapagawanyiki kompaila anaacha uwazi mwenyewe kimyakimya.

Kwa ulivyonieleza, na kwa draiva za namna hii nilizowahi kuzifungua, strakti ya kusoma itakuwa kama hii:

struct mz_soma {
    __u32 chaneli;
    __u64 muda;
    __s32 uzito;
};

Hesabu na mimi. Kwenye programu yako ya zamani: 4, jumlisha 8, jumlisha 4, inakuwa 16. Kwenye kerneli yako mpya: 4, uwazi wa 4, halafu 8, halafu 4, halafu uwazi mwingine wa 4 mwishoni ili strakti nzima igawanyike kwa 8, inakuwa 24. Hakuna long hapo, hakuna pointa, mtu makini kabisa ameandika aina zenye saizi maalum kama vitabu vinavyosema, na bado imevunjika. Ndio maana huwa nasema kutumia __u32 na __u64 ni mwanzo tu.

Mbona inatoa "Inappropriate ioctl" badala ya kutoa uzito wa ajabu? Kwa sababu namba ya amri ya ioctl, ule mwito ambao programu inaiamuru draiva, yenyewe imebeba saizi ya strakti ndani yake. Ni namba ya biti 32: biti 8 ni nambari ya amri, biti 8 ni herufi ya draiva, biti 14 ni saizi, biti 2 ni mwelekeo wa data. Tuseme herufi ni z na amri ya kusoma ni ya 2. Programu yako inatuma 0x80107a02. Draiva yako mpya kwenye switch yake inasubiri 0x80187a02. Angalia hapo katikati, 10 na 18, hiyo ndio 16 na 24 kwa heksa. Draiva haimtambui mgeni, inamrudisha getini na ENOTTY, ndiyo hiyo Inappropriate ioctl unayoiona. Na hiyo ni bahati yako aisee, kosa linalopiga kelele ni zuri.

Ukitaka kuliona kwa macho yako endesha programu chini ya strace (chombo kinachoonyesha kila programu inachoiomba kerneli), utaona mstari wa ioctl una 0x7a, 0x2, 0x10. Hiyo ya mwisho ndio saizi anayoidai programu. Huhitaji soskodi ya programu, strace inakutajia mkataba wote wa zamani amri moja baada ya nyingine, ukae nayo na kalamu.

Kureseti kunafanya kazi kwa sababu ile imeandikwa kwa _IO tupu (makro ya kutengeneza namba ya amri), haibebi strakti yoyote, namba yake ni ileile kote.

Sasa hii ya kalibresheni ndio tamu. Nina uhakika karibu wote kwamba jamaa yenu kwenye heda aliandika _IOW('z', 3, int) halafu kwa ndani anapitisha strakti yenye unsigned long saizi na char *bafa. Watu walikuwa wanafanya hivyo sana, anaandika int kwa sababu lazima uandike kitu pale. Matokeo yake namba ya amri inasema saizi ni 4 kwa wote wawili, kwa hiyo mlinzi wa getini anapitisha, na ndani kila mtu anasoma anavyojua.

Angalia kwa karibu. Programu inataka kupakia jedwali la baiti 256, lipo kwenye anuani 0xffb2c010. Kwa upande wake strakti ni baiti 8: nne za kwanza ni 256, nne zinazofuata ni hiyo anuani. Kerneli yako inafungua mkeka wa baiti 16. Baiti 8 za kwanza zote inazisoma kama saizi. Kwa hiyo saizi inakuwa 0xffb2c01000000100. Tazama mwishoni, 00000100 ni ile 256 yako, na juu yake amekalia pointa. Na pointa yenyewe inasomwa kutoka baiti 8 zinazofuata, ambazo programu haijawahi kuziweka, ni takataka za steki. Draiva inaenda kwa kmalloc, mgawa memori wa kerneli, kuomba baiti zaidi ya kwintilioni 18, kmalloc anakataa, unaambiwa Cannot allocate memory. RAM 8GB haina kosa hapo, hata ungeweka 128GB angekataa.

Ndipo ulipokosea kidogo: kuelekeza .compat_ioctl (mlango wa programu za biti 32) kwenye fanksheni ileile ni sawa pale tu strakti zote zinafanana baiti kwa baiti pande zote mbili. Hiyo fildi imeingia kwenye kerneli 2.6.11 mwaka 2005, ilikuja pamoja na .unlocked_ioctl, na kazi yake hasa ni ukalimani. Unamweka mtu mlangoni anayejua lugha ya zamani, anapokea baiti za biti 32, anazipanga upya, anaita fanksheni ya ndani ya draiva ambayo haijui hata kama mgeni alikuwa mzee. Hivi:

struct mz_soma32 {
    __u32 chaneli;
    compat_u64 muda;
    __s32 uzito;
};

struct mz_weka32 {
    compat_ulong_t saizi;
    compat_uptr_t bafa;
};

#define MZ_SOMA32 _IOR('z', 2, struct mz_soma32)

static long mz_ioctl32(struct file *f, unsigned int amri, unsigned long hoja)
{
    void __user *p = compat_ptr(hoja);

    switch (amri) {
    case MZ_SOMA32:
        return mz_soma_kizamani(f, p);
    case MZ_WEKA:
        return mz_weka_kizamani(f, p);
    default:
        return mz_ioctl(f, amri, (unsigned long)p);
    }
}

Hiyo compat_u64 ni ujanja mzuri, kwenye x86 inakaa kwa hatua ya 4 kama i386 ilivyokuwa, kwenye arm64 inakaa kwa hatua ya 8 kwa sababu ARM ya biti 32 ya kisasa nayo inadai 8. Yaani ukiitumia hiyo huandiki ifdef za kila prosesa. Na usijaribu kukasti hoja moja kwa moja kuwa pointa ukaruka compat_ptr eti mbona inafanya kazi. Kwenye x86 ndio itafanya kazi, lakini kuna mashine za IBM, s390, ambazo "biti 32" yao ni biti 31 na ile biti ya juu lazima ifutwe, compat_ptr inafanya hiyo kazi. Najua hamna s390 kwenye mizani, ila mkono uzoee.

Ndani ya mz_soma_kizamani unaita kazi halisi ya kusoma kwa strakti ya kawaida, halafu unahamisha fildi moja moja kwenda mz_soma32, unafanya copy_to_user. Kabla ya kujaza strakti yoyote itakayotoka nje piga memset sifuri. Hata hiyo ya kawaida ya baiti 24, ule uwazi wa baiti 8 usipoufuta unatoka na mabaki ya steki ya kerneli kwenda kwa programu, na mabaki hayo yanaweza kuwa na kitu cha mtu mwingine. Ni tundu la usalama la kizembe kabisa na bado linapatikana kila siku.

Kitu kingine ambacho hukukiuliza: draiva ya 2008 bila shaka ilikuwa na .ioctl ya zamani, ile iliyoondolewa kwenye 2.6.36 mwaka 2010, wewe ukabadilisha jina ikawa .unlocked_ioctl ukaendelea na maisha. Ile ya zamani ilikuwa inaitwa huku kerneli imeshika lile kufuli lake kubwa, watu wawili hawaingii kwa pamoja. Hii mpya haina mlinzi. Weka mutex (kufuli) yako mwenyewe, la sivyo siku programu ina nyuzi mbili mtagombania rejista za kadi.

Tuje kwenye kuganda, maana hili ndio linanitisha zaidi. Haihusiani na ioctl. Tafuta kwenye draiva neno virt_to_phys au virt_to_bus. Nadhani utakuta jamaa anaomba bafa kwa kmalloc, anachukua anuani yake halisi, anaiweka kwenye unsigned int, anaiandika kwenye rejista ya kadi ili kadi imwage data pale. Kwenye kerneli ya biti 32 ilikuwa salama, kmalloc pale anatoa memori ya chini tu, kwenye mpangilio wa kawaida haizidi takriban MB 896 za mwanzo, anuani inaingia kwenye biti 32 na nafasi inabaki. Kwenye biti 64 kmalloc anakupa popote, na mashine yako ina 8GB. Siku bafa ikiangukia juu ya 4GB, biti za juu zinakatwa bila hata woning, kadi inapewa anuani ya jirani na inamwaga uzito wa lori juu ya memori ya mtu mwingine, labda meza za faili, labda kodi ya kerneli. Ndio maana ni mara mbili tu na sio kila siku, inategemea bafa imeangukia wapi asubuhi hiyo.

Kupima kama nimepatia: butisha na mem=3G kwenye mstari wa kerneli. Kuganda kukiisha, ni hilo. Hiyo mem=3G unaweza kuishi nayo wiki moja, ila dawa ni dma_set_mask_and_coherent yenye DMA_BIT_MASK(32), kumwambia kerneli kadi hii inaona anuani za biti 32 tu, halafu bafa uombe kwa dma_alloc_coherent na anuani uishike kwenye dma_addr_t. Kabla hujafanya hilo nakuomba sana usiiache hiyo mashine inaandika diski yenye data za maana.

Na zile woning ulizozipuuza. "cast to pointer from integer of different size", sio? Hizo ndio ramani ya kazi yako yote, kila moja inakuonyesha mahali jamaa aliweka pointa ndani ya int. Zirudie moja moja, tumia uintptr_t au unsigned long, na ukiona pointa inahifadhiwa kwenye rejista au kwenye namba ya kumbukumbu inayoenda kwenye kadi na kurudi, simama ufikirie upya.

Ngoja niseme na read, kama draiva yako inatoa data kwa read pia. Pale hakuna mlango wa pili wa kumweka mkalimani, inabidi uulize ndani ya fanksheni in_compat_syscall, aliyeita ni wa biti 32 au la. Mfano wa kweli ni matukio ya kibodi na skana za bakodi, ile strakti ya input_event ni baiti 16 kwa programu ya biti 32 na baiti 24 kwa ya biti 64, kwa sababu ya fildi za muda ndani yake, na kerneli inaulizia hivyohivyo kila inapotoa tukio.

Kwa wanaosoma hapa wakiwa na Windows: huko mambo ni makali zaidi, Windows ya biti 64 haipakii kabisa draiva ya kerneli ya biti 32. Waliokuwa na steshenari wanakumbuka skana na printa zilivyogeuka mapambo walipohamia Windows 7 ya biti 64, kampuni haikutoa draiva mpya na habari ikaishia hapo. Afadhali kidogo ni kwamba long ya Windows ilibaki baiti 4 hata kwenye biti 64, ila pointa zinakua, kwa hiyo mwandishi wa draiva naye inabidi aulize IoIs32bitProcess.

Na wenye Raspberry Pi msijione mko nje. Pi 4 siku hizi inapakia kerneli ya biti 64 hata kama mfumo uliobaki ni wa biti 32, mtu anaapdeti tu, asubuhi draiva yake ya kujitengenezea haiingii, anadhani kadi imeungua. arm_64bit=0 kwenye config.txt inamrudisha nyuma. Na kama draiva inatoka x86 kwenda ARM kuna jambo la ziada: zile volatile pointa za kuandikia rejista ziondoe, tumia readl na writel. x86 ni mstaarabu wa kupanga maandishi kwa foleni, ARM sio, unaweza kumwambia kadi "anza" kabla data haijafika kwenye memori.

Ukishamaliza kuokoa programu ya zamani, andika amri mpya kwa ajili ya programu itakayokuja, zenye namba mpya. Zile za zamani usiziguse kamwe, hata kama ni mbaya, hata ile ya int inayodanganya, maana kuna programu moja duniani inazitegemea na ipo kwenye mizani yenu. Kwenye mpya weka fildi kubwa kwanza, pointa ibebe ndani ya __u64 na uifungue kwa u64_to_user_ptr, uwazi uutaje mwenyewe kama __u32 akiba na ukatae kama sio sifuri, na long, time_t, enum, bool usizitie humo. time_t hasa, ile ya biti 32 inajaa tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu ni saa 12 na dakika 14 asubuhi, na mizani huwa zinaishi kuliko PC. Strakti ikiwa hivyo kote inafanana, na hapo .compat_ioctl unaweka compat_ptr_ioctl tu, ipo tangu kerneli 5.5, bila kuandika mkalimani.

Kuhakikisha, usitegemee macho. Weka BUILD_BUG_ON(sizeof(struct mz_soma32) != 16) ndani ya draiva, ikikosea isikompaili kabisa. Na pahole inakuchorea strakti nzima na mashimo yake, kompaili heda mara mbili, moja kwa -m32 moja bila, linganisha.

Mwisho kabisa pima na lori ambalo uzito wake unaujua, na pima zaidi ya moja, tupu na lenye mzigo. Fildi ikisomwa baiti nne pembeni inaweza kukupa namba inayofanana na uzito, niliwahi kukaa siku nzima nafurahia kipimo kilichokuwa kinatoka vizuri kumbe nasoma nusu ya chini ya saa, kilikuwa kinapanda polepole kila nikiangalia na mimi nikajua ni mzigo unaongezwa.